Apache au Nginx (programu za seva zinazowapa wageni kurasa za saiti), CPU ikigonga asilimia 100 na saiti haijibu?

Jamani hili swali sisi tunaohudumia saiti za kampuni za utalii hapa Arusha tunaulizana kila Juni ikikaribia, wageni wanafungua kurasa za Kilimanjaro na Serengeti kwa wingi, seva inaganda, ukipiga top (amri inayoonyesha nani anakula CPU na RAM) unakuta CPU iko juu kabisa.

Bei hakuna mjadala, zote bure.

Kubeba watu wengi Nginx iko mbele, kwa sababu prosesi moja tu inashika maelfu ya miunganisho, wakati Apache ukiiacha kwenye mtindo wa prefork kila muunganisho unakula prosesi yake, RAM inaisha, seva inaanza kutumia swap (diski badala ya RAM, polepole sana) na hapo ndo kila kitu kinasimama. Ila Apache ukiihamishia kwenye mtindo wa event (prosesi chache zinashika miunganisho mingi) na PHP-FPM (programu ya pembeni inayoendesha kodi ya PHP), ukashusha MaxRequestWorkers (kikomo cha maombi yanayohudumiwa kwa pamoja) iendane na RAM yako, inatulia vizuri sana, na inaniuma kuona watu wanahamia Nginx kabla hata ya kujaribu hili.

Matunzo naipa Apache. Mteja anabadilisha .htaccess (faili la mipangilio ndani ya folda ya saiti yake) mwenyewe bila kuristati chochote, Nginx haisomi faili hizo.

Lakini angalia kwanza nani anakula CPU, kama ni php-fpm au mysqld (hifadhidata ya MySQL) kuhama hakusaidii kitu, weka keshi (nakala za kurasa zilizo tayari) na indeksi kwenye hifadhidata. Una VPS (seva pepe ya kukodi) ya RAM giga 1 na mapicha kibao ya tembo, nenda Nginx, una wateja 20 kwenye seva moja na kila mtu ana .htaccess yake, baki na Apache.