Steshenari ya njia ya stesheni, Tabora: nyota nne, ya tano ilimezwa na printa

Duka halina bango. Ukitoka stesheni, tafuta mwembe wenye bodaboda chini yake. Mlango wa bluu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, Isevya. Tunafuatilia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwenyekiti wetu akasema hatuwezi kudai fungu ambalo hatujaliona kwenye bajeti. Nikaibeba bajeti hiyo kwenye flashi, nikaichapishe. Kwanza nilikwenda duka jingine, la sokoni: jedwali likatoka limekatwa upande wa kulia. Makadirio yapo, matumizi halisi hayapo! Na hela wakachukua.

Kijana wa hapa aliamkia, akatazama kioo, akasema, "Mama, hili tulilaze." Akalaza karatasi, akapunguza kingo, safu zote zikaingia. Herufi ndogo kama dagaa, lakini kwa miwani zinasomeka. Shilingi 200 kwa ukurasa, na spairo akaifunga nikiwa nimesimama palepale.

Sasa lawama. Nilichapisha pia sura ya Rais kwenye Katiba, maana kuna mwenzetu aliyewahi kufanya biashara Nairobi, kila kikao anabisha kuwa Rais lazima avuke nusu ya kura. Kenya ndivyo: zaidi ya nusu, tena angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kwetu sharti la nusu liliondolewa mwaka 2000. Anayewazidi wenzake kwa kura ameshinda, hata akiwa na asilimia 40. (Rasimu ya Katiba mpya, ile ya Tume ya Warioba, ilitaka nusu irudi, na mimi nipo upande huo. Ila kutaka ni kutaka, sheria ni sheria.)

Basi nikasimama kikaoni, nikavaa miwani, nikasoma ibara ya 41 kwa madaha. Nafika kifungu cha tano, nafunua, nakutana na ibara ya 42. Printa ilikuwa imemeza ukurasa, na kifungu cha sita, kinachosema nani ameshinda, ndicho nilichokifuata, kimebaki tumboni mwake.

Kesho yake kijana alinichapishia upya bila kunitoza, akaomba radhi mara tatu. Lakini kikao kilikuwa kimeshafungwa, na yule mwenzangu anatamba mtaani hadi leo.