Huduma ya kurekebisha kwato kwa farasi anayeumwa miguu: uzoefu wangu

Farasi wangu jike aliumwa miguu ya mbele kwa muda mrefu. Kwenye nyasi alitembea vizuri, ila akifika kwenye changarawe anafupisha hatua, anatanguliza ncha ya kwato, na akigeuzwa anasitasita. Viatu vya chuma vilimpa nafuu kidogo, havikumponya. Ndipo nikachukua huduma ya fundi wa kwato anayefanya kazi ya kurekebisha akishirikiana na daktari wa mifugo, na nimeridhika nayo sana.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuanza na kisu. Alitaka picha za eksirei kwanza. Zilionyesha ncha imekuwa ndefu mno, visigino vimelala na kusogea mbele, na wayo chini ya mfupa wa kwato ni mwembamba, chini kabisa ya ile sentimita 1.5 inayotarajiwa kwa farasi mzima. Kwato ya namna hiyo hufanya kazi kama wenzo: mguu unapoinuka, ncha inachelewa kuondoka ardhini, inavuta ukuta wa kwato uachane na mfupa, na kano za nyuma ya mguu zinabeba mzigo usio wake. Daktari naye alipapasa mapigo ya mshipa juu ya kwato, akauliza anakula nini, akapunguza nafaka na malisho yenye sukari nyingi. Mwako wa ndani ya kwato, laminaitisi, mara nyingi chanzo chake ni chakula, na hapo tupa peke yake haifui dafu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu. Fundi alirudisha ncha nyuma kwa tupa, akaviringisha ukingo, akapunguza visigino kidogo tu hadi penye kwato ngumu. Wayo hakuugusa. Hilo nalisisitiza, kwa sababu nimeona mafundi wakiukwangua mpaka uwe mweupe ili kwato ipendeze macho. Kwa farasi mwenye wayo mwembamba, huko ni kumnyang'anya kinga aliyonayo. Halafu anarudi kila baada ya wiki 4, anapunguza kidogo, basi. Kwato hukua karibu milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na ukuta wa mbele huchukua miezi 9 hadi 12 kushuka kutoka juu mpaka ardhini. Anayekuahidi kumaliza tatizo kwa ziara moja, achana naye.

Katika kipindi hicho alivaa viatu vya mpira vya kuvaa na kuvua, vyenye soli laini ndani. Nafuu yake niliiona siku ileile. Lakini vina kazi: vilimchubua nyuma, pale penye ngozi laini juu ya kisigino, na ni lazima uvivue kila siku, uoshe, ukaushe kwato, la sivyo unyevu unaleta kuoza kwenye mifereji ya chini, na harufu yake huisahau. Isitoshe, kwato ilipobadilika umbo vikawa havimkai tena, ikabidi kununua vingine. Gharama hiyo fundi alipaswa kunieleza mapema, na ndipo ninapompunguzia alama.

Ukiitazama kwato kwa upande sasa, utaona mpaka kama pete: chini yake ukuta wa zamani umetanuka kwenda nje, juu yake ule mpya umesimama wima na kushikamana. Anatua kwa kisigino, na changarawe anaivuka bila kupunguza mwendo.

Huduma hii naipendekeza kwa farasi mwenye maumivu ya muda mrefu yatokanayo na umbo la kwato. Lakini farasi aliyepata kwato za moto ghafla, anayeegemea nyuma na kukataa kutembea, huyo mwitie daktari siku hiyohiyo, fundi aje baadaye.