Niliambiwa masikio yangu yamezeeka: uzoefu wangu wa kufunga mfumo wa sauti sebuleni

Nilipoanza kuandika maelezo haya nilikuwa nimekusudia kutoa nyota nne kati ya tano, kwa sababu mfumo wenyewe ni mzuri na jana usiku nilisikiliza kwaya mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama sina mpango wa kulala. Lakini kila ninapokumbuka sentensi moja niliyoambiwa mbele ya wateja wengine, nyota moja inadondoka yenyewe, na sijui nitakapomaliza kuandika zitakuwa zimebaki ngapi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia na ninaishi Moshi. Sehemu ndogo ya kiinua mgongo changu niliiweka kando kwa ajili ya starehe moja tu, nayo ni kusikiliza muziki nyumbani kwa sauti inayofanana na ya watu walio hai. Kwa miaka mingi tulikuwa na sabufa ya kawaida, ile ya spika mbili ndogo na boksi moja la kunguruma, ambayo ilitosha kwa taarifa ya habari na kwa Krismasi. Safari hii nilitaka risiva kamili, yaani mtambo unaokuza sauti na kuigawa kwenye spika zote, spika mbili ndefu za mbele, moja ya katikati ya kubeba maneno ya filamu, mbili za nyuma, na sabufa yake. Namba za modeli na wati sitaziandika, kwa kuwa zimeandikwa kwenye boksi na kila muuzaji atakusomea bila hata kuombwa.

Duka lipo Arusha mjini na jina lake nitalihifadhi. Kutoka kwangu mpaka pale ni kilomita 80 hivi, na ninaweza kusema nimezihesabu zote, kwa maana nimepita Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River na Tengeru mara nyingi kuliko nilivyokusudia, goti langu likiwa limebanwa kwenye kiti cha Kosta.

Fundi waliyemtuma kuja kufunga alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia vizuri, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasogeza kabati kwa uangalifu. Spika ya mbele kulia ipo jirani kabisa na risiva, lakini ile ya kushoto ipo ng'ambo ya mlango wa korido, kwa hiyo akaipitisha waya yake juu ya dari ya jipsamu ili isitambae sakafuni. Nilimsifu kwa hilo, na sasa ninaumia kwamba nilimsifu. Alipomaliza aliweka filamu ya mapigano, helikopta ikatoka nyuma ya kochi ikapita juu ya vichwa vyetu mpaka kwenye runinga, watoto wa jirani waliokuwa wamening'inia dirishani wakapiga kelele, nami nikatia saini karatasi yake. Akaondoka mbio akisema kuna nyumba nyingine inamsubiri.

Jioni ile nilizima taa, nikaketi katikati ya kochi kama mtu aliyealikwa kwenye karamu yake mwenyewe, nikaweka kwaya. Sauti ya kwanza ilikuwepo, safi kabisa. Ya pili ilikuwepo. Ya tatu ilisikika kwa mbali. Sauti ya nne, yaani besi ya wanaume, haikuwepo. Mimi nimeimba sauti ya nne usharikani tangu nikiwa kijana, ninaijua njia yake katika wimbo kama ninavyoijua njia ya kwenda kisimani kijijini kwetu, na pale palikuwa na shimo. Halafu waimbaji hawakuwa mahali popote: huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba huyu amesimama hapa na yule pale, bali sauti ilielea chumbani kama moshi wa kuni mbichi. Nikaweka rekodi za zamani za dansi, gitaa la besi likawa linakuna tu badala ya kutembea. Nikarudi kwenye filamu, filamu ikapiga vizuri mno.

Jambo lililonitesa zaidi ni mke wangu, ambaye hukaa kwenye kiti chake cha pembeni karibu na spika ya kulia. Nilipomuuliza kama anasikia upungufu wowote, alisikiliza kwa makini akasema kwake inasikika vizuri tu, besi ipo. Kumbukeni jibu hilo.

Nilipiga simu dukani. Nikaambiwa nicheze na setingi. Nilicheza nazo kwa karibu wiki mbili. Nilikagua nyuma ya spika na nyuma ya risiva zaidi ya mara kumi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kila kitu mahali pake. Nilinunua hata stablaiza, nikidhani labda ni umeme unaopanda na kushuka, jambo ambalo nakiri lilikuwa la mtu aliyekwisha kukata tamaa. Hatimaye nikapanda Kosta. Mwenye duka, ambaye nadhani angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa miaka ya katikati, hakuniuliza swali hata moja kuhusu chumba wala waya. Alisema sebule yangu ni kubwa, sabufa iliyokuja na seti ni ndogo, kwa hiyo nahitaji kuongeza kubwa zaidi. Nililipa zaidi ya laki saba. Naandika kiasi hicho kwa mkono unaotetemeka kidogo.

Sabufa kubwa ilifika, ikawashwa, na mabati ya paa yakaanza kuimba yenyewe. Vikombe vilitembea kabatini. Jirani yangu, mtu mstaarabu sana, alikuja kuuliza kama tunachimba kisima. Na sauti ya nne? Haikuwepo. Chini kabisa palinguruma kama lori linalopanda mlima, juu palikuwa na kinamama wakiimba vizuri, na pale katikati, mahali ambapo mwanamume husimama akaimba, palikuwa patupu kama mwanzo.

Nikarudi Arusha. Ilikuwa kipindi cha baridi, nadhani, kwa kuwa nakumbuka nilikuwa nimevaa koti na duka lilikuwa limejaa watu waliokimbia manyunyu. Nilieleza kwa utulivu, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza siku zote. Mwenye duka alinisikiliza huku akibonyeza simu yake, kisha akasema, bila hata kuinua macho, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mzee wangu, spika ni nzima. Masikio nayo huzeeka." Watu wawili walicheka. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenzangu, na ndiye ambaye sijamsamehe mpaka leo.

Sikumjibu. Njia nzima mpaka Moshi nilitazama dirishani, na ubaya wa neno lile ni kwamba lilinishika. Mke wangu anasikia, mimi sisikii, basi ni nani mwenye kasoro? Nikanyamaza. Nilikaa miezi kadhaa nikisikiliza redio ndogo ya jikoni, na mtambo wa mamilioni ukawa wa kutazamia mpira.

Mwishoni nilikwenda kwa daktari wa masikio. Aliniweka kwenye chumba kisichoingia sauti, akanivisha vifaa, nikawa nabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Karatasi ilipotoka, mstari ulikuwa umenyooka vizuri upande wote wa milio mizito, kisha ukaanza kushuka taratibu kwenye milio myembamba, kuanzia mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde kwenda juu. Daktari alisema ndivyo uzee unavyofanya kwa watu wengi: huanza kuchukua sauti nyembamba, mizito huiacha. Nilikaa pale kitini nikahisi damu inapanda. Uzee ungeniibia mlio wa matoazi na ndege wa asubuhi. Mimi nilikuwa nalalamikia sauti ya nne! Yaani hata tusi lenyewe halikuwa sahihi kisayansi, na mimi, niliyefundisha sura ya mawimbi kwa zaidi ya miaka 30, nilikuwa nimelimeza zima zima.

Aliyeokoa jahazi ni kijana anayesimamia mitambo ya kwaya usharikani kwetu. Alikuja kwa shughuli nyingine, nikampa chai, nikamweleza. Hakugusa setingi yoyote. Aliomba boksi la risiva, akapekua chini ya maboya, akatoa kimaikrofoni kidogo chenye waya mrefu, bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Akakichomeka, akakiweka mahali kichwa changu hukaa, risiva ikaanza kutoa milio kwenye spika moja baada ya nyingine, na haikuchukua hata dakika tano ikaandika onyo kwenye runinga. "Mwalimu," akasema, "inadai spika ya mbele kushoto ncha zake zimegeuzwa." Nikamwambia haiwezekani, nyekundu ipo kwa nyekundu, njoo uone mwenyewe. Akaona. Ilikuwa kweli ipo kwa nyekundu, pande zote mbili.

Hapo ndipo ualimu uliponirudia. Nilichomoa waya za spika kwenye risiva, nikatoa betri ya rimoti, ile ya volti 1.5, nikagusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi za spika ya kulia, huku kijana amefungua kitambaa cha mbele akitazama koni, ule utando wa spika unaotetemeka kutoa sauti. Koni ikaruka kwenda nje. Nikafanya vilevile kwa waya za spika ya kushoto. Koni ikanywea ndani. Tulitazamana, kisha tukatafuta ngazi.

Darini, katika vumbi na popo mmoja aliyekufa zamani, tuliukuta ushahidi. Waya iliyotoka kwenye risiva, yenye mstari mwekundu ubavuni, haikufika mwisho wa safari. Ilikuwa imeungwa na kipande cha waya nyingine isiyo na alama yoyote, kikafungwa kwa tepu nyeusi ya umeme, na katika kuunga, ncha zilikuwa zimepishana. Kule kwenye spika fundi alichagua tu upande mmoja akauita nyekundu.

Maana yake ni kwamba koni ya kulia ilipotoka nje, ya kushoto iliingia ndani, kwa hiyo kilele cha wimbi moja kilikutana na bonde la jingine na vyote viwili vikafutana hewani. Wimbi la sauti nzito ya mwanamume, tuseme la mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 3, wakati spika zangu zimeachana mita 2 na kidogo, hivyo aliyekaa katikati hufutiwa karibu lote. Sauti nyembamba, ambazo mawimbi yake ni ya sentimita chache, hufutana hapa na kuongezana pale, ndiyo maana zilibaki lakini zikakosa mahali pa kusimama. Aliyekaa pembeni karibu na spika moja husikia ile moja kwa nguvu zaidi, basi hakupungukiwa na kitu. Filamu ilisikika vizuri kwa sababu maneno yake hutoka kwenye spika ya katikati na mabomu yake kwenye sabufa, ambazo waya zake hazikupita darini. Kila dalili ilikuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza. Ningempa mwanafunzi wa kidato cha tatu swali hilo na angekosa, ningemwandikia "rudia sura nzima".

Tuligeuza zile ncha mbili, tukashuka, nikaweka kwaya ileile. Sauti ya nne ikaingia mstari wa pili kama watu waliokuwa wamefungiwa nje na mtu akawafungulia mlango. Nilimwona kila mmoja aliposimama. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilifurahi kwa muda wa wimbo mmoja, nikitia chumvi nyimbo mbili, halafu nikakasirika kuliko nilivyopata kukasirika mtambo ulipokuwa mbovu.

Nilikwenda Arusha na karatasi ya daktari na kipande cha waya iliyoungwa mfukoni. Mwenye duka aliitazama waya, hakuitazama karatasi. "Si limekwisha, mzee? Mshukuru Mungu." Kuhusu sabufa kubwa alisema bidhaa ikishatumika hairudi. Neno pole halikumtoka kinywani. Kufikia hapo nyota zilikuwa zimekwisha zote, na nilikuwa tayari kuwaandikia hivyo: msinunue, msikanyage.

Lakini fundi kijana alinifuata mpaka karibu na stendi, akihema. Aliniambia siku ile alipewa nyumba mbili, rola ya waya ikamwishia kwangu, akapiga simu aongezewe, akaambiwa aunge tu. Kile kimaikrofoni hakuna aliyewahi kumfundisha kukitumia. Alitaka kunilipia nauli. Nikakataa, na katikati ya makelele ya makonda nikamchorea nyuma ya ile karatasi ya masikio mawimbi mawili yanayofutana, akaelewa haraka kuliko wengi niliowahi kuwafundisha. Kwa hiyo nasita. Mtambo nauachia nyota zote tano, kijana yule angekuja kwangu kesho ningempokea, na kwa mwenye duka sina cha kutoa. Atakayekwenda huko amwombe fundi afungue ile nailoni na kupima kabla hajatia saini.

Ile sabufa kubwa ipo koridoni, haijachomekwa tangu siku ile. Mke wangu ameifunika kitambaa cha kufuma na ameweka chupa ya chai juu yake, na nikimwambia nataka kuiuza anasema urefu wake umekaa vizuri.