Hisabati ya GMAT: wiki saba za tuisheni na mitihani miwili ya bure

Nimefanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara, wiki tatu zilizopita, na tangu hapo watu wanne wa hapa Mwanza wamenipigia simu kuniuliza nilijiandaaje na hisabati. Wote wanataka kusoma MBA, wote wana kazi, na wote wanaogopa kitu kilekile nilichokuwa nakiogopa mimi. Naandika hapa nilichonunua, nilichopata bure, na kipi kilinisaidia.

Nilisoma HGE (historia, jiografia na uchumi), kwa hiyo hisabati yangu ya mwisho darasani ilikuwa BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha sita. Baada ya chuo nimekuwa mhasibu wa kampuni ya malori kule Igoma kwa miaka tisa. Kazini hesabu zote zinafanywa na kompyuta. Kujumlisha safu ndefu kwa kichwa, kugawanya kwa mkono, kurahisisha sehemu, vyote nilikuwa nimeviacha siku nyingi. Sasa sehemu ya hisabati ya GMAT haina kikokotoo kabisa: maswali 21, dakika 45, wewe na kalamu yako. Ukigawanya ni dakika mbili na sekunde nane hivi kwa swali moja.

Nilianza kwa kulipia tuisheni ya jioni mjini. Kituo chenyewe sitakitaja. Shilingi 210,000 kwa wiki saba, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, na ada yote inalipwa mwanzoni. Nikitoka kazini napanda daladala la Igoma kwenda mjini, natembea hadi darasani, narudi Nyegezi saa nne usiku. Mwalimu hisabati anaijua, hilo silipingi hata kidogo. Ubao wake ulikuwa msafi, na kila hatua aliiandika. Lakini wiki tatu za mwanzo tulikuwa kwenye pembetatu, duara na ujazo wa mcheduara. Nilikariri kanuni hadi nikawa naziota.

Wiki ya nne ndipo nilipoingia mwenyewe kwenye tovuti ya wenye mtihani, mba.com ya GMAC, nikasoma mtihani una nini. Jometri ilishaondolewa kwenye sehemu ya hisabati. Mtihani ulibadilishwa Novemba 2023, na lile toleo la zamani likafungwa kabisa mwishoni mwa Januari 2024. Siku hizi una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hisabati, lugha, na uchambuzi wa takwimu. Hisabati imebaki na hesabu za kawaida na aljebra. Yale maswali yanayokupa taarifa mbili na kukuuliza kama zinatosha kupata jibu, ambayo tuisheni walituambia ni nusu ya hisabati, yamehamia kwenye sehemu ya takwimu, na huko kikokotoo cha kwenye skrini kinaruhusiwa.

Nilimwonyesha mwalimu kwenye simu. Akanijibu kwamba hisabati ni hisabati, hakuna kinachopotea. Niliomba nirudishiwe nusu ya ada, nikakataliwa. Niliumia, na sioni haya kulisema. Si kwa sababu ya pesa pekee. Zilikuwa wiki tatu za mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, na alizitumia kujifunza kitu ambacho hakitaulizwa. Ukitaka kulipia tuisheni yoyote, popote, muulize mwalimu swali moja kabla hujatoa hela: je, katika hisabati utafundisha jometri? Akisema ndiyo, jua anafundisha mtihani uliokwisha.

Nikahamia kwenye mitihani ya majaribio ya GMAC wenyewe. Unafungua akaunti, unapewa miwili kamili bila kulipa chochote. Hiki ndicho kitu ninachokisifia hapa, na ningekijua mapema nisingepita njia niliyopita. Inakokotoa alama kwa namna ileile ya mtihani halisi, na inajipanga kulingana na wewe: ukipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa linashuka. Huwezi kuruka swali. Lazima uchague jibu ndipo uendelee, ila ukimaliza sehemu na muda ukabaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe. Mimi niliweka hisabati mwanzo, kichwa kikiwa bado kimetulia.

Alama za kila sehemu zinaanzia 60 hadi 90. Jaribio la kwanza nilipata 69. Nilipopitia maswali yangu nikaona ugonjwa ulipo. Swali la sita peke yake nilikaa nalo zaidi ya dakika tano. Maswali manne ya mwisho niliyajibu kwa kubahatisha, ndani ya dakika moja. Kuyaacha wazi ni vibaya zaidi, maana kutokumaliza kunakatwa alama. Na lile swali la sita nililopambana nalo hivyo, nililikosa vilevile.

Nikalirudia jioni hiyo kwa utulivu. Hesabu yake ilikuwa mistari mitatu. Mimi nilikuwa nimejaza ukurasa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtihani huu haukupimi kama unajua kukokotoa, unakupima kama unaona kitu gani cha kukishika kabla hujaanza kukokotoa. Mashuleni sisi tulizoezwa kuanza mara moja: andika kanuni, weka namba, endelea. Tabia hiyo ndiyo iliyokuwa inanimaliza.

Aliyenionyesha jambo hili kwa macho ni shangazi yangu. Anauza dagaa, anaanika Kayenze na kupeleka Mwaloni, Kirumba. Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa inapumzika, kwa hiyo huwa ana nafasi, nami nilikwenda kwake Jumamosi moja na daftari langu. Nilikuwa nimekwama kwenye swali la zabibu zinazokaushwa, lile la asilimia ya maji. Nikaligeuza liwe la dagaa ili nimsimulie: una kilo 100 za dagaa wabichi, 73 kwa mia ni maji. Ukiwaanika mpaka maji yabaki 10 kwa mia, utakuwa na kilo ngapi?

Mimi nilishaandika 100 kutoa 63, nikapata 37. Shangazi alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja, hata hakuinua kichwa.

"Hapana, mwanangu. Hizo ni nyingi mno. Hapo huwezi kuzidi thelathini."

Nikamuuliza amejuaje.

"Dagaa wenyewe hawapungui. Kinachoondoka ni maji. Wewe shika dagaa, maji yaache yaende."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaandika upya. Katika kilo 100, maji ni 73, kwa hiyo dagaa wenyewe, nyama na mifupa, ni 27. Hizo 27 hazibadiliki. Baada ya kuanikwa, maji ni 10 kwa mia, maana yake hizo 27 sasa ndizo 90 kwa mia ya mzigo. Gawanya 27 kwa 9, unapata 3, zidisha kwa 10: kilo 30. Kosa langu lilikuwa kutoa asilimia kwa asilimia wakati zile 73 ni za mzigo mzima wa mwanzo na zile 10 ni za mzigo mdogo wa mwisho. Shangazi darasa la saba hakumaliza, lakini kitu kisichobadilika alikiona kabla yangu.

Tangu siku hiyo, juu ya kila ukurasa wa daftari nikawa naandika: nini hakibadiliki? Swali la uwiano wa wafanyakazi, la bei iliyopanda kisha ikashuka, la mchanganyiko wa maziwa na maji, yote nikawa nayaanza kwa swali hilo. La kivuko kinachokwenda kwa kilomita 12 kwa saa na kurudi kwa 8, kisichobadilika ni umbali. Chukua umbali wa kilomita 24: kwenda saa mbili, kurudi saa tatu, jumla kilomita 48 kwa saa tano, wastani ni 9.6. Zamani ningeandika 10 na kupita kwa kujiamini.

Daftari la makosa nililigawa safu tatu: nilichofanya, nilichopaswa kukiona, na muda niliotumia. Baada ya wiki mbili likanionyesha kitu kingine ambacho sikukitegemea. Karibu robo ya makosa yangu hayakuwa ya hesabu, yalikuwa ya Kiingereza. Mimi uwiano, baki, namba tasa na asilimia nilivijua kwa Kiswahili shule ya msingi, halafu sekondari kila kitu kikageuka lugha, na vile vimaneno vidogo katikati sikuwahi kuvikalia. "Isiyopungua" na "isiyozidi" nilikuwa navichanganya nikiwa na haraka. Namba nzima na namba chanya vilevile, nikawa nasahau kwamba sifuri ni namba nzima na ni shufwa, lakini si chanya. Nikatengeneza ukurasa mmoja wa maneno hayo, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule, nikawa nausoma kwenye daladala. Kwa mtu aliyesoma shule zetu, ukurasa huo nauweka juu kuliko kanuni zozote.

Kitabu rasmi cha mazoezi cha GMAC nilikinunua pia, kikaletwa na binamu yangu kutoka Dar. Kizuri, maswali ni ya mtihani wenyewe, lakini kitabu hakikusukumi kwa muda. Lazima uweke saa mezani.

Kuhusu ubao: kwenye kituo cha mtihani huandiki kwenye karatasi. Unapewa kijitabu chenye kurasa za plastiki na kalamu ya maka ya kuandikia humo. Nilinunua kibao cheupe cha watoto Makoroboi na kalamu mbili, nikafanyia mazoezi yote ya mwezi wa mwisho humo. Siku ya kwanza mkono uliteleza na namba zangu zilikuwa kubwa mno, zikawa zinajaza kibao kwa maswali mawili. Usiliache jambo hili hadi siku yenyewe.

Mitihani ya bure ina upungufu wake. Ni miwili tu, na ukirudia, maswali mengine unakutana nayo tena, kwa hiyo alama inapanda bila wewe kupanda. Mimi wa pili niliuhifadhi hadi wiki mbili kabla ya safari ya kwenda kufanya mtihani. Unafanyika mtandaoni pia, na hapo Nyegezi umeme ulikatika mara mbili siku niliyopanga. Mwishowe niliomba ofisi ya rafiki yangu yenye jenereta, Jumapili asubuhi, nikafungia simu kwenye droo. Nilipata 76, na kwa mara ya kwanza nilifika swali la 21 nikiwa na dakika mbili mkononi. Nilizitumia kurudi kwenye maswali mawili niliyoyawekea alama, moja nikalirekebisha.

Mtihani wenyewe nilipata 78 kwenye hisabati. Swali moja lilinichukua dakika mbili na nusu nikaona halifunguki, nikachagua moja kati ya majibu mawili yaliyobaki baada ya kufuta matatu, nikaendelea. Kujifunza kuliachia swali hivyo kulinigharimu miezi miwili ya mazoezi, na naamini ndiko kulikoniletea zile alama.

Kwa mwenye uwezo mdogo wa pesa, ningesema fanya jaribio la kwanza la bure siku ya kwanza kabisa, kabla ya kitabu na kabla ya tuisheni, ili ujue umesimama wapi. La pili liache mbali. Ukikosa alama unazotaka unaweza kurudia mtihani baada ya siku 16, mara tano ndani ya miezi 12, ila kila mara unalipa upya. Mimi sitarudia. Matokeo yanadumu miaka mitano, na maombi ya chuo nimeshaanza kuyajaza.