Defender ya Windows inanitosha kabisa

Jamani nilikuwa nalipia antivairasi kila mwaka nikijua ndo usalama, kumbe yenyewe ndo ilikuwa inaikaba kompyuta, ukiwasha unasubiri weee feni inanguruma na vidirisha vya kukutaka ulipie zaidi havikomi. Nikaitoa. Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, inakuja na Windows 10 na 11 bure, na ukishatoa ile nyingine inajiwasha yenyewe. Mashine nyepesi sasa.

Ila kilichoniteka ni siku mdogo wangu alipodaunlodi programu ya kraki, yaani ya kulipia iliyochakachuliwa itumike bure, Defender ikaidaka kabla hajaifungua, ye anataka kuizima ili ainstoo, nikamwambia thubutu! Maelekezo ya hizo kraki mara nyingi yanaanza na "zima antivairasi kwanza", sasa mgeni anayetaka mbwa afungwe ndo aingie ana nia gani? Defender ina na skani ya ofulaini, inazima na kuwasha mashine ikague kabla Windows haijawaka, kama dakika 15 hivi, inafukua vairasi wabishi. Kuna na ulinzi wa mafolda dhidi ya wanaofunga mafaili na kudai hela, huwa haujawashwa, uwashe mwenyewe, na bakapu, yaani nakala za mafaili yako, uweke nje ya kompyuta.