Kabla Hujanunua Eroica, Hakikisha Do Iko E Flati

Mwezi wa tatu nilijinunulia zawadi: santuri ya Eroica, yaani Simfoni ya Tatu ya Beethoven, pamoja na gramafoni ya kubebea, ile inayofanana na sanduku la safari la bibi. Nilichagua ya kijani. Nikatengeneza chai ya tangawizi, nikafunga mlango, nikashusha sindano. Zikaja zile pigo mbili za mwanzo, pa! pa!, na mwili wangu wote ukakataa. Sikujua unakataa nini.

Mimi si mtaalamu. Ni alto wa kwaya ya parokia, mwaka wa ishirini na mbili huu. Lakini mwalimu wetu ametufundisha jambo moja kwa ukali: usifungue mdomo kabla hujajua do iko wapi. Nikafunua kinanda cha binti yangu, nikabonyeza E flati, noti ambayo ndiyo do ya Eroica. Haikuoana na santuri hata kidogo. Nikabonyeza E. Ikaoana barabara.

Yaani nimelipia simfoni ya E flati meja, nikaletewa ya E.

Nilimpigia muuza santuri nikafoka, na leo namwomba radhi hadharani. Aliniambia kwa upole, "Dada, ilete tuisikilize wote." Kwenye mashine yake ilikuwa E flati safi kabisa. Mwenye makosa ni gramafoni yangu ya kijani. Nikarudi kwa aliyeniuzia, akanitazama kama mtu aliyeleta malalamiko kwamba maji yamelowa. "Mama, inazunguka, inatoa sauti. Labda masikio yako yamezoea kwaya."

Ndiyo, yamezoea. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Miongozo mingine ya kununua Eroica itakueleza nani anakimbia na nani anajikokota, nani anarudia sehemu ya kwanza na nani anairuka, wapi kinanasa kikohozi cha msikilizaji. Hayo yatafute huko. Mimi nina swali moja ambalo sijaona mtu analiuliza: je, rekodi unayonunua itafika masikioni mwako katika ufunguo wake, yaani do yake ikiwa pale mtunzi alipoiweka?

Hesabu yake ni nyepesi. Santuri ndefu (LP) huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Ikizunguka mara 35 na ushee, kila noti inapanda nusu toni, yaani hatua moja hadi kitufe jirani cha kinanda, na E flati inakuwa E. Kasi nayo inapanda kwa karibu asilimia 6, hivyo Eroica ya dakika 50 inaisha kwenye dakika ya 47. Hakuna kitakachokwaruza wala kukatika. Utasikia tu kwamba wapigaji wana haraka na fidla zimekuwa nyembamba, utamlaumu mwongozaji wa okestra, kumbe maskini ya Mungu alishakufa zamani na hana kosa.

Kuna watakaosema nusu toni ni kitu gani, wimbo ni uleule. Kwa nyimbo nyingi nitawakubalia, hata sisi kwaya tukiwa na mafua tunashusha. Kwa Eroica sikubali. Beethoven aliiandika mwaka 1803 na 1804, wakati baragumu na tarumbeta hazikuwa na vali, vile vitufe vya kubadilishia noti. Bomba la shaba la wakati ule lilitoa noti za familia yake tu: do, so, do, mi, so na ndugu zake wachache. Ukitaka ufunguo mwingine unabadilisha kipande cha bomba. Baragumu za Eroica kwa sehemu kubwa zilikaa E flati, na aliweka tatu wakati desturi ilikuwa mbili. Simfoni nzima imejengwa juu ya kile ambacho mabomba yale yaliweza kukitoa bila kulazimishwa.

Sikiliza selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zinavyoingia baada ya zile pigo mbili. Kwa solfa ni do mi, do so, do mi so, do. Mtoto wa kipaimara anaweza kuimba. Ni mwito wa baragumu uliokabidhiwa selo. Halafu ghafla zinateremka, ti, kisha ta, noti ambayo haimo kwenye ngazi, na sakafu inayumba. Dakika kadhaa baadaye fidla zinatetemeka kimya kimya kwenye koodi (noti zinazolia pamoja) nyingine kabisa, na baragumu moja inaingia peke yake na do mi do so, kabla ya wakati. Katika zoezi la kwanza Ferdinand Ries, mwanafunzi wa Beethoven, alidhani mpigaji kakosea kuhesabu, akasema kwa sauti. Nusura mwalimu wake amzabe kofi. Baragumu ile ilikuwa imeenda nyumbani E flati kabla ya wenzake.

Richard Strauss naye, karibu miaka mia baadaye, alipotunga kazi yake ya okestra kuhusu maisha ya shujaa, aliiweka E flati. Sidhani ilikuwa bahati nasibu.

Sasa, jinsi ya kupima. Programu za simu za kupimia gitaa hupagawa zikisikia okestra nzima, usizitegemee. Pakua programu ya kinanda, ya bure inatosha. Cheza zile pigo mbili huku umebonyeza E flati (nyingine huandika D#, ni kitufe kilekile cheusi). Zikitulia pamoja, lipa. Zikigombana, jaribu kitufe cha kulia kwake na cha kushoto. Asiye na sikio la noti atumie saa: tazama dakika zilizochapwa kwenye jalada kwa ajili ya matanga, yaani sehemu ya pili, kisha pima. Ikiwa jalada linasema 17 na wewe umemaliza 16, gramafoni inakukimbiza.

Tahadhari moja kabla hujaanza ugomvi dukani. Okestra zinazotumia vyombo vya kale hukaza noti A kwenye mitetemo 430 hivi kwa sekunde badala ya 440 ya leo, kwa hiyo E flati yao itakuwa chini kidogo, pungufu ya nusu ya nusu toni. Hao wameshuka kwa makusudi. Na okestra ya Berlin wanajulikana kupandisha kidogo juu ya 440. Hilo nalo ni lao.

Haya, mpangilio wangu. Natangaza upendeleo mapema ili msinitukane baadaye: mimi ni mtu wa EMI, kampuni ya rekodi ya Uingereza. Lebo yenyewe ilimezwa na Warner mwaka 2013, kwa hiyo majalada mapya yameandikwa Warner Classics, lakini kwangu itabaki EMI mpaka nizikwe.

Ya kwanza, bila mjadala: mwongozaji Otto Klemperer na okestra ya Philharmonia ya London, ile ya 1959. Wajuzi wengi watakusukumia ile yake ya 1955, ambayo ni mono (sauti yote inatoka mahali pamoja), kwamba ina makali zaidi. Inayo. Lakini 1959 ni stereo, na Klemperer aliwakalisha fidla za kwanza kushoto na za pili kulia, wanajibizana kama kwaya mbili za Ijumaa Kuu. Anakwenda polepole, nakubali, na kwenye matanga utahisi unabeba jeneza mwenyewe. Ila kila noti ya baragumu inasikika imekaa mahali pake. Nimeipima kwenye CD: kitufe cheusi, kimya, hakuna ugomvi. CD ina heri yake, mwendo wake unashikwa na saa ya ndani, haina mkanda wa mpira wa kulegea. Anayeniuliza anunue ipi, namjibu CD ya Klemperer, na hiyo pesa ya gramafoni alipe ada.

Ya pili ni ya Wilhelm Furtwängler na Vienna Philharmonic, Desemba 1944, na hapa ndipo hoja yangu inapopata ushahidi wa kihistoria. Ilirekodiwa kwenye utepe wa sumaku kwa ajili ya redio, vita ikiwa inaelekea ukingoni. Mwaka 1953 kampuni ya Marekani, Urania, ikaitoa kwenye santuri bila ridhaa ya Furtwängler. Akaenda mahakamani, ikaondolewa sokoni. Na santuri ile ilikuwa imepanda juu ya ufunguo wake! Watu waliililia, wakaitafuta kwa bei za ardhi ya Oysterbay, wakasifia moto wake, na sehemu ya moto huo ilikuwa utepe unaokimbia. Toleo zilizorekebishwa baadaye bado zina moto wa kutosha, tena ni wa Furtwängler mwenyewe. Ukiikuta imeandikwa ufunguo umesahihishwa, chukua. Ukiikuta haijaandikwa kitu, toa simu yako upime palepale, muuzaji anune akipenda. Yake ya studio ya mwaka 1952, hapohapo Vienna, ni ya EMI, imetulia zaidi, na siku ambazo sina nguvu ya kulia naiweka hiyo.

Ya tatu, John Eliot Gardiner na Orchestre Révolutionnaire et Romantique, lebo ya Archiv, seti iliyotoka 1994. Baragumu hazina vali, kwa hiyo unasikia mpigaji anavyoihangaikia noti kwa midomo na mkono. Kwenye sehemu ya tatu, pale baragumu zote tatu zinapopewa uwanja, nywele zinasimama. Jordi Savall na Le Concert des Nations walirekodi mwaka huohuo wa 1994, nao wanakwenda mbio, ngoma zinapiga kama mlango unaovunjwa. Nimegombana na nafsi yangu kuhusu hawa wawili na Gardiner kashinda kwa sababu ya baragumu tu.

Ya nne, George Szell na Cleveland, 1957. Safi, kila mtu yuko pamoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi mpaka ikachukiana.

Ya tano, Herbert von Karajan na Berlin, 1962, jalada la njano la Deutsche Grammophon. Ndiyo utakayoipata kirahisi kuliko zote. Nzuri. Inang'aa. Nina shaka na vitu vinavyong'aa kila upande.

Za bei nafuu: David Zinman na Tonhalle ya Zurich, lebo ya Arte Nova, inatosha kabisa. Béla Drahos wa Naxos, inatosha kidogo. Tuendelee.

Santuri nzito za kasi ya 78 sizipangi, lakini naonya. Felix Weingartner alirekodi Eroica na Vienna mwaka 1936, kitu cha kutunza. Shida ni kwamba zama zile upande mmoja ulibeba dakika nne hivi, simfoni moja ikakatwa pande nyingi, na mashine za kurekodia hazikuzunguka 78 kamili kila mara. Anayezihamisha kwenye dijitali asipokuwa makini, ufunguo unashuka au kupanda kila anapounga upande mmoja na mwingine. Nilinunua faili moja ya namna hiyo mtandaoni. Matanga yalianza C maina, katikati yakawa yameteleza kama kwaya isiyo na kinanda. Niliandika kulalamika. Nikajibiwa kwamba mauzo ya dijitali hayarudishwi, nikatumiwa na kuponi.

Na hapa ngoja niseme, maana linanikera. Rekodi ileile ya Klemperer nimeiona ikiuzwa kwa majalada manne tofauti. Moja ina picha yake, nyingine ina mlima, nyingine ina Napoleon juu ya farasi, ingawa Beethoven mwenyewe, aliyekuwa ameipa simfoni hii jina la Napoleon, alilikwangua kwenye karatasi mpaka ikatoboka, na karatasi hiyo ipo Vienna hadi leo. Kila jalada limeandikwa "imesafishwa upya", na kila usafi una bei yake. Muuze santuri nzito ya gramu 180 mara tatu ya CD, sawa, ni biashara. Lakini andikeni basi hata mstari mmoja kwamba mmeupima ufunguo! Kopo la nyanya linaandikwa uzito. Na anayeuza gramafoni za masanduku kwa laki mbili na nusu aweke kinanda cha elfu kumi kaunta, mteja abonyeze mwenyewe.

Ya kwangu niliipeleka kwa fundi redio, mzee wa kibanda karibu na stendi. Aliigeuza kifudifudi, akaonyesha kitundu kidogo kwenye mota, akaingiza bisibisi nyembamba kama ya miwani. "Wewe bonyeza hiyo noti yako, mama, mimi nazungusha." Nikabonyeza E flati. Santuri ikashuka, ikashuka zaidi ikawa D, nikapiga kelele, akarudisha. "Hapo?" Kidogo tena. "Hapo?" Hapohapo, mzee, usiguse.

Alinitoza elfu tano, na akataka kujua kwa nini wale watu wanapiga mara mbili tu halafu wananyamaza.