Leviathan Wakes: barafu ilinishika kuliko risasi

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada limekunjika, kurasa zaidi ya 500, kikakaa kabatini miezi kadhaa. Riwaya za anga za mbali nimeshazikimbia nyingi. Mwandishi anakukalisha darasani akufundishe historia ya sayari zake, na ukija kuhitimu, hadithi yenyewe haijaanza.

Hiki cha mwaka 2011 hakikunifanyia hivyo. James S. A. Corey ni jina la pamoja la watu wawili, Daniel Abraham na Ty Franck, na sura zao zinakwenda kwa zamu. Moja ya Holden, ofisa wa meli inayobeba barafu kutoka pete za Zohali. Inayofuata ya Miller, mpelelezi aliyechoka na maisha huko Ceres, sayari kibete wanakoishi watu, aliyetumwa kumtafuta binti wa tajiri aliyekimbia kwao. Kwa Holden kunalipuka, kwa Miller kunanuka. Ukiwa na hamu ya kujua nani kaipiga meli, unakatizwa na kurudishwa kupekua chumba cha yule binti. Nilikasirika mara mbili tatu, lakini kitabu sikukiweka chini.

Kilichonimaliza ni ile barafu. Meli ikishapigwa, Ceres inapungukiwa maji, Holden anatangaza ushahidi nusunusu kwa kila mwenye masikio, na watu wanaingia barabarani. Nilifika hapo wiki ya mgao, madumu yamejaa koridoni, tunasubiri boza ambalo dereva wake hapokei simu. Nani anieleze kwa nini watu wa Ceres wamechachamaa? Barafu hiyohiyo ndiyo chanzo cha vita, ndiyo uzi wa upelelezi, ndiyo inayokuonyesha watu wale wanaishije.

Mambo madogo nayo yamepachikwa kwa akili. Waliozaliwa huko ni warefu, wembamba, na huongea sana kwa mikono, maana ndani ya suti ya anga hata ukitikisa kichwa hakuna atakayeona. Hilo halitolewi mhadhara. Unaligundua Miller akiwa na mwenzake aliyetoka Duniani, ambaye ishara zinampita tu.

Kasoro zipo. Holden ni mwema mpaka anaudhi, na mapigano ya kwenye makorido yangepunguzwa nusu nisingelalamika. Mapenzi ya Miller kwa msichana ambaye hajawahi kuonana naye yatawakera wengine, mimi yalinihuzunisha. Halafu kuna sura za Eros, mwamba wa angani nao wenye wakazi. Hizo usisome ukiwa unakula, nilimwaga chai.

Lahaja ya mchanganyiko ya hao waliozaliwa angani haina faharasa, ila aliyekulia mtaani kwetu hatababaika.

Nimeshamwagiza yule muuza mitumba kitabu cha pili cha mfululizo huu. Kaniletea cha tano.